Kodi

Ndahani alipopata kazi ya reli kule Manyoni
aliondoka na besi yake ndani ya gunia la mbolea,
na deni langu la elfu kumi na mbili.
Ijumaa iliyofuata, baa ya nyuma ya stendi ya zamani,
nilipiga kodi zangu peke yangu
na hata walevi wakasikia paa lisilo na kuta.

Meneja Chidawali akasema, "Mimi nalipa mmoja.
Mkiwa wawili ndani ya hilo gitaa,
mtagawana wenyewe."

Basi nimejifungia Chang'ombe, Agosti,
dirishani nimetundika kanga iliyoloweshwa
vumbi linaswe huko huko.

Dole gumba linatembea.
Uzi wa sita, uzi wa tano, mapigo manne, mapigo manne,
kama mtu apelekaye ng'ombe mmoja mnadani Msalato:
hakimbii, ng'ombe atakonda njiani,
hasimami, jua litampata.

Na vidole vitatu vya juu vingoje.
Hapo ndipo ninaposhindwa.
Vyenyewe vinataka kukanyaga pale pale gumba linapokanyaga,
ilhali kazi yao ni katikati ya hatua na hatua:
kugusa, kuachia,
hodi ya jirani aliyekwisha ondoka
kabla hujasema karibu.

Kodi nzima haina nafasi humu.
Nimebaki na sauti mbili, ya tatu na ya saba.
Ya tatu inasema kama nimenuna au nimecheka,
ya saba ina mzigo kichwani, inataka kwenda.
Mzizi ni wa gumba.
Ya tano nimeiacha nje, itajipikia.

Na gumba, kabla ya kufika kwake,
hupitia kwanza kibaraza kisicho chake,
nusu hatua chini ya mlango,
likachafua sikio kidogo,
halafu ndiyo likaingia.
Hilo Ndahani alilifanya kila usiku kwa miaka minne
nami nilidhani anakosea.

Mama Nyemo anagonga. "Kodi!"
"Ndiyo ninayoitafuta, mama."
Hacheki. "Ya miezi mitatu."

Nilikuwa na miaka sita, Mvumi,
mjomba Mwaluko ameketi na ilimba tumboni,
gumba la kushoto likinguruma,
la kulia likimwaga mtama juu ya bati.
Nilizunguka nyuma ya nyumba kumtafuta wa pili.
Nikakuta mbuzi, na ufagio.
Niliporudi nikamuuliza ni nani yule mwingine.
Akasema, "Niletee kaa la moto,"
kiko chake kilikuwa kimezimika.

Ukucha umepasuka. Nimeuziba kwa gundi ya viatu.
Nikilisikiliza gumba, vidole vinakufa ganzi.
Nikivisikiliza vidole, gumba linajikwaa
kama aliyeitwa jina lake barabarani.
Saa tatu usiku inapita treni ya Kigoma,
magurudumu yake hayajawahi kuuliza
abiria wanazungumza nini.
Nikajaribu hivyo. Nikaanza kuhesabu nauli, chumvi, mafuta ya taa,
nikaacha mkono uende.
Ulikwenda mizunguko miwili.
Wa tatu nikaufurahia, ukaanguka.

Ijumaa. Watu saba, mmoja amelala.
Nilianza polepole, wimbo wa zamani wa kucheza,
nikapita kibaraza cha jirani, nikaingia,
nikapita, nikaingia,
na katikati ya hapo, sijui mzunguko wa ngapi,
mhudumu Mbeleje, chupa nne mkononi,
aligeuka akatazama kando ya friji,
pale Ndahani alipozoea kusimama.

Chidawali alilipa mmoja.

Nilimpa Mama Nyemo zote mlangoni.
Akazihesabu kwa kulamba kidole, mara mbili.
"Bado miwili."
Nikarudi ndani, nikaikalia ndoo,
gumba likatangulia.